Kimya, Taa Nyekundu Inawaka

Jumatatu, 3 Machi 1947

Kazi mpya leo. Mshauri wa mambo ya polisi kwenye studio ya filamu, hapa hapa Hollywood. Mimi, Orville Stukey, sajini wa upelelezi kwa miaka kumi na tisa! Beji yangu, namba 1183, walininyang'anya Novemba kwa sababu ya mahabusu mmoja aliyeomba kutoka kidogo akanunue sigara. Aliniapia kwa kaburi la mama yake kwamba atarudi. Mpaka leo anazitafuta hizo sigara. Wiki iliyofuata mama yake alikuja kituoni kumletea keki.

Filamu yenyewe upuuzi mtupu. Eti mpelelezi anampenda mwizi wa vito. Nilimwambia mwongozaji, Bwana Ferenczy, Mhungaria mwenye kitambaa cha hariri shingoni, kwamba sijapata kuona polisi mwenye akili timamu akipumbazwa na mwizi. Akanijibu kuwa ndiyo maana watu wanalipa kiingilio waende kumwona. Angalau wakaguzi wa filamu wameagiza mwizi akamatwe mwishoni, la sivyo haionyeshwi popote. Bado wapo watu wenye adabu mji huu.

Anayeigiza polisi anaitwa Clifton Vane. Kofia yake nzuri kuliko yangu. Bastola anaishika kama kijiko cha supu. Nilipomsahihisha aliwauliza wenzake huyu mzee katoka wapi. Mzee! Nina miaka arobaini na sita!

Nimepewa na kazi ya pili, kulinda mkufu wa almasi ulioazimwa kwa sonara. Upo wa bandia, wa kuonyeshwa kwa mbali, na upo wa kweli, wa picha za karibu. Ule wa kweli ukitoka kwenye sefu asubuhi, ni dhamana yangu mpaka urudi jioni.

Jumanne, 4 Machi

Aibu. Nimekohoa.

Kengele ililia, taa nyekundu ikawaka, watu sitini wakaganda. Vane alikuwa katikati ya maneno yake ya mahaba. Nikakohoa. Mara moja tu! Ferenczy alitupa kiti. Vane akatangaza kwamba sasa ameelewa kwa nini polisi wa mji huu hawakamati mtu: wezi wanawasikia wangali mtaa wa pili. Wote walicheka, hata fundi taa aliyekuwa juu darini.

Mmoja hakucheka. Msaidizi wa mavazi, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mkanda wa kupimia shingoni, pini mdomoni. Aliniletea kahawa. Akanituliza: "Usijali, Afande, sote tulianza hivyo. Ila hapa taa ile ikiwaka, hata nyumba ikiungua unakaa kimya mpaka usikie 'Kata!' Umenielewa?" Nikamwahidi.

Afande! Tangu Novemba hakuna aliyeniita hivyo.

Jina lake Delphine Rusk. Nimelisikia wapi jina hili?

Jumatano, 5 Machi

NIMEKUMBUKA! Picha yake ilikuwa ukutani kituoni, karibu na birika la kahawa. Wizi wa vito, San Francisco, kifungo cha miezi kumi na minane. Mungu hamtupi mja wake.

Mchana nilipanda tramu mpaka kituoni. Kapteni Haggerty hakunikaribisha hata kiti. Nikamwambia nina mwizi wa vito mkononi. Akasema mkononi kwangu huwa hawakai. Vijana wakaangua kicheko. Nikavumilia. Mwisho akatamka, mbele ya mashahidi, kwamba nikimletea mwizi pamoja na mali aliyoiba, beji nitarudishiwa siku hiyo hiyo. Akavuta droo. Nikaiona. 1183, imelala kati ya kalamu na maganda ya karanga. Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi.

Studio sitawaambia kitu. Wakijua watamfukuza, na mimi nitamkamata nani?

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza. Niliuacha mkufu wa bandia mezani kwenye chumba cha mavazi, mlango wazi, mimi nikajificha kabatini kati ya makoti ya manyoya. Pingu tayari. Joto la jehanamu. Harufu ya dawa ya nondo ilinipanda mpaka kwenye ubongo.

Delphine akaingia. Akauona mkufu. Akautia kwenye boksi lake, akafunika, akaandika karatasi "Mali ya studio." Kisha akafungua kabati, akanitundikia koti la nne begani, na kusema kwa upole: "Afande, utakufa humo. Njoo unywe maji."

Nikamwambia nilikuwa nakagua nondo. Akanishukuru. Eti hakuna mtu mwingine studio nzima anayewajali nondo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekula naye chakula cha mchana. Kikazi tu. Kumchunguza.

Amenieleza yote mwenyewe, kifungo na kila kitu. Ujana, akasema, na mwanamume mbaya. Sasa kila kifungo cha shati kikipotea, macho yote kwake. Nilijisikia mchafu. Mama yake yuko Fresno, kila mwezi humtumia chupa ya jamu ya aprikoti, yale matunda madogo ya njano. Nilipakiwa mkate mzima wa jamu hiyo. Mtu mbaya hawezi kuwa na jamu kama ile.

Aliiona pete yangu ya kidole cha mwisho, ya marehemu mama. Akaniambia yakuti ile ni ya kweli, akanishika mkono kuichungulia. Aliushika dakika nzima. Mikono laini, jamani.

Jioni alilalamika kuwa mlango mdogo wa chumba cha mavazi unalia na siku moja utaharibu picha. Akaupaka mafuta bawaba zote. Mimi nilimshikia tochi. Sasa unafunguka kama siagi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemkosea sana mwanamke huyu. Mwizi ni Vane!

Delphine hakutaka kusema, nilimbembeleza. Vane ana madeni ya mbio za farasi, na mara mbili amemwona akizungukazunguka sefu. Nilijua! Ile kofia ilinitia shaka tangu mwanzo. Nikifikiria Vane katika pingu zangu, mbele ya fundi taa na wote, na Kapteni akivuta ile droo, nashindwa kukaa.

Delphine anaogopa kwamba Vane ataudaka mkufu ukishatoka kwenye sefu, maana boksi lake la mahameli kila mtu analijua. Akauliza kama nina mahali pa kuuweka ambapo hakuna atakayepafikiria. Nikafikiri. Nikafikiri tena. Mkebe wangu wa chakula! Boksi la mahameli liwe tupu juu ya meza, chambo cha Vane. Almasi ziwe chini ya kiti changu, chini ya sandwichi.

Delphine akasema, "Kwa akili hiyo, Afande, ndiyo maana walikuonea wivu kituoni." Ni mtu wa kwanza kuliona hilo. Hata marehemu mama hakuliona.

Jumatatu, 10 Machi

Sikulala. Mapenzi ni kikohozi, wahenga walisema, na mimi nakijua kikohozi.

Nimepanga kila kitu. Kesho Vane anatia mkono kwenye boksi, namkamata. Beji. Halafu Delphine. Nimemwambia nina jambo la kumwambia kesho baada ya kazi. Alinitengenezea tai yangu, na macho yake yalikuwa na huzuni. Furaha hiyo. Wanawake wakifurahi sana huwa hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Leo ilikuwa picha ndefu. Dakika nne bila kukata, polisi anamfuata mwizi ghorofa mbili za ngazi. Ferenczy ameiota wiki nzima. Jaribio la kwanza, Vane akajikwaa. La pili, balbu ikapasuka. La tatu, Ferenczy akaapa kwamba atakayepumua kwa sauti atarudi kwao kwa miguu.

Kengele. Taa nyekundu. Kimya.

Macho yangu yalikuwa kwenye boksi la mahameli, juu ya meza. Vane anapanda ngazi. Nikahisi upepo kidogo miguuni. Nikatazama chini. Mkebe haupo! Nikageuka. Delphine, hatua tatu nyuma yangu, bila viatu, viatu mkono mmoja, mkebe mkono mwingine.

Nikafungua kinywa.

Taa ilikuwa inawaka.

Miaka kumi na tisa nimepiga kelele ya "Simama!" kwenye vichochoro vya mji huu. Nimewapigia wasio na hatia, nimempigia padri. Leo ndiyo siku ambayo neno lile lilihitajika kuliko siku zote, na koo lilikataa. Nilimwona Ferenczy amefumba ngumi zote mbili, ananong'oneza maneno pamoja na waigizaji. Nikakumbuka kile kiti kikiruka. Nikakumbuka wanavyocheka. Na nilikuwa nimemwahidi.

Ngazini Vane akapaza sauti: "Simama! Simama, nafyatua!" Vizuri, kwa mara ya kwanza. Delphine naye akasimama. Kwa mazoea, nadhani. Akamtazama Vane, akanitazama mimi, akaweka kidole mdomoni. Kisha akapita kwenye mlango mdogo. Haukulia hata kidogo. Zile bawaba nilizimulika mwenyewe!

Zilibaki dakika mbili. Nilikaa. Jasho lilinichuruzika mpaka kwenye soksi. "Kata!" ilipotoka nilipiga ukunga mpaka fundi taa akakaribia kuanguka. Tulikimbia getini. Mlinzi alisema amepita dada mmoja na mkebe, akamtakia mchana mwema.

Ferenczy aliniuliza mbele ya wote kwa nini sikupiga kelele nilipomwona. Nikasema taa ilikuwa nyekundu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Yeye alinijia, akanishika mabega yote mawili, macho yamemlowa, akasema mimi ndiye mtu wa sinema wa kweli kuliko wote aliofanya nao kazi. Kisha akanifukuza kazi.

Jumatano, 12 Machi

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimenitengenezea na tai.

Kapteni Haggerty alikuja studio kuandika maelezo. Alinihoji akiwa amesimama, dakika tano. Aliuliza mkebe ulikuwa na nini kingine. Nikasema sandwichi ya nyama ya ng'ombe na haradali. Akaiandika.

Kisha akamwendea Vane. Uso ulibadilika! Akatabasamu kama mwali. Mke wake anampenda Vane kupita kiasi, naomba sahihi yako bwana, heshima kubwa bwana. Vane akasaini. Kapteni akasema kituo kingependa kumpa kitu kidogo cha kumbukumbu, kwa namna anavyolipa jeshi sura nzuri. Akatia mkono mfukoni.

1183.

Alimbandika mwenyewe kifuani. Wote wakapiga makofi. Vane aliuliza namba hii ilikuwa ya nani. Kapteni akajibu, nilikuwa nimesimama pale pale, kwamba haikuwa ya mtu yeyote.

Nilirudi chumbani kwa miguu kutoka studio. Sikutaka watu wa tramu wanione nikilia. Nawachukia wote. Namchukia na Delphine. Nikimwona tena sitasema "Simama", nitafyatua. Sina bastola, lakini nitafyatua.

Ferenczy, nasikia, alitaka kuliingiza jambo langu kwenye filamu: mlinzi anamwona mwizi na ananyamaza ili asiharibu picha. Wakubwa wamelikataa. Wamesema watazamaji hawawezi kuamini kuwa kuna mtu mjinga kiasi hicho.

Ijumaa, 21 Machi

Barua! Kutoka Mexico, Ensenada, na kifurushi. Ndani ya kifurushi, mkebe wangu, umeoshwa vizuri. Mwizi gani anaosha mkebe?

Delphine anaandika kwamba halali usingizi. Kila akiutazama mkufu anauona uso wangu. Anataka kunirudishia kwa mkono wake mwenyewe, nimpelekee Kapteni, nirudishiwe beji. Ila niende peke yangu, nisimwambie mtu, maana moyo wake hauwezi kustahimili umati. Na kama lile jambo nililotaka kumwambia ni lile analolidhani, nisiisahau pete ya mama. Padri wa kule, anasema, hafungishi ndoa bila pete ya yakuti ya kweli. Sikulijua hilo. Wakatoliki wana mambo yao.

Nimelichambua kipolisi. Mtego? Mtu anayetega hataji padri. Na safari hii nina mpango. Namwoa kwanza, namkamata baadaye! Mke hawezi kumtoroka mumewe, jina litakuwa moja. Mali mkononi, mwizi mkononi, Kapteni atamvua Vane beji hadharani. Pingu nimezipaka mafuta. Pete nimeitia kwenye mkebe, chini ya sandwichi, mahali ambapo hakuna atakayepafikiria. Basi linaondoka kesho saa mbili asubuhi.

Jambo moja tu limenihuzunisha. Mwishoni ameniapia kuwa hanidanganyi, ameapa kwa kaburi la mama yake. Maskini Delphine! Wiki mbili tu zilizopita bibi wa watu alikuwa mzima kule Fresno, anapika jamu. Nimepita dukani kununua utepe mweusi wa kufunga mkononi. Nataka akiniona tu nishukapo kwenye basi, ajue kwamba msiba wake ni wangu.