Barua Iliyoomba Ruhusa

La, hakukamatwa na polisi. Nani kakwambia polisi? Polisi wangekuwa nafuu yake. Yule bwana alinaswa na mama mwenye kibanda cha kuchapa, na mama mwenyewe hata kwenye kiti hakunyanyuka. Kaa vizuri nikwambie, maana wewe hadithi umeipokea kwa mkia.

Mjini walimwita Daktari. Daktari wa kompyuta, si wa watu. Na ili wagonjwa wasimwishie, aliwaambukiza mwenyewe. Asubuhi anapita na flashi yenye barua, anaomba achapiwe. Ndani ya barua mna kitu wanakiita makro, kijiprogramu kimejibanza humo kama kunguni godoroni. Ukikiruhusu kinaamka, kinafunga kila kitu, kioo kinabaki chekundu. Mchana Daktari anapita tena, kwa bahati tu, na mkoba wa dawa.

Siku hiyo akaona foleni kwenye kibanda cha Shangazi. Ndivyo chuo kizima cha ng'ambo ya barabara kilivyomwita. Wanafunzi kama ishirini, kesho saa sita ndiyo mwisho wa kukabidhi utafiti, na kazi zao zote zimo ndani ya kompyuta moja ya Shangazi. Ikifa hiyo, mwaka mzima wa watu umekufa. Pembeni yake, printa mpya ya rangi. Daktari akaitazama kama mtu anayemtazama mchumba wa mwenzake. Akaona ada ya matibabu ameshaipata: printa hiyo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Foleni inaanzia kule."

"Barua moja tu ya kazi. Wananisubiri kwenye usaili."

Wanafunzi wakaguna, lakini bwana alivaa tai, na mwenye tai hapangi foleni. Shangazi akachomeka flashi. Barua ikafunguka tupu, juu imeandikwa: ruhusu ili usome.

"Ruhusu hapo, Shangazi. Bonyeza tu."

"Hapabonyezeki. Makro nimezizima. Flashi kujifungua yenyewe, nimezima. Na yale makorokoro ya zamani ya kuchezeshea picha nimeyang'oa kabisa."

"Mbona unajinyima hivyo?"

"Najinyima nini? Mimi hapa nachapa herufi. Mlango nisioutumia niuache wazi, namkaribisha nani?"

Daktari akacheka kicheko cha kitaalamu. Akasema mashine ina homa, ndiyo maana inakataa barua safi.

"Barua safi inaomba ruhusa ya nini?" akadakia msichana aliyeandika utafiti wa kuku. "Barua si unaisoma tu?"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Utaratibu wa hapa ni huu, baba," akasema Shangazi. "Barua inayoomba ruhusa, mwenyewe anaifungua kwenye mashine yake, ananisomea, mimi nachapa upya. Si una laptopu humo mkobani? Haya, soma."

Mtu mwingine angeaga. Lakini akiaga, printa ndiyo imekwenda. Tena hakuwa na hofu: mjanja mwenzake aliyemuuzia kile kijiprogramu alimpa na neno la siri la kukifungulia. Akawaza, itajifunga, nitaifungua mbele yao, wataniheshimu, na Shangazi atanikabidhi mashine yake. Laptopu yake mwenyewe ilikuwa wazi milango yote, kwa sababu za kikazi. Mganga hajigangi. Akabonyeza ruhusu.

Kioo chekundu. Akaandika neno la siri. Chekundu. Akaandika tena, polepole, kwa kidole kimoja, kama anayembembeleza mtoto alale. Chekundu vilevile. Mwenzake alimuuzia kufuli hili na ufunguo wa kufuli jingine.

"Kumbe ndiyo barua yenyewe ya kazi?" akauliza yule wa kuku.

Jasho likamshuka Daktari hadi kwenye tai. Mle ndani mlikuwa na riziki yake yote: kila mgonjwa, kila mtaa, kila alikopita.

"Pole, baba," akasema Shangazi. "Dawa ya hiyo ninayo. Ila kwanza nimalize foleni. Na hapa jirani kuna duka la dawa, kuna wakala wa tiketi, kuna wakili. Mashine zao zimeachwa wazi kama soko. Wewe milango unaijua kuliko wenye nyumba. Nenda ukawazimie makro na flashi, kama nilivyozima mimi."

Afanyeje? Akavua tai, akaingia duka hadi duka: anazima makro, anazima flashi, anang'oa makorokoro. Kila alipotoka aliombewa dua. Hakuna mtu aliyewahi kufanya kazi ya halali kwa uchungu kama ule.

Saa tisa akarudi hoi. Utafiti wa kuku ndio ulikuwa wa mwisho kutoka, jogoo wa rangi kwenye jalada.

"Nimemaliza, Shangazi. Ile dawa?"

"Dawa gani, mwanangu? Mimi nachapa herufi tu. Kufungua hiyo ningejulia wapi?"

"Shangazi, umenidanganya!" akasema Daktari, kwa mshangao wa mtu asiyewahi kusikia kwamba jambo hilo hutendeka duniani.

"Ndiyo," akasema Shangazi, akifunua sufuria. "Nenda kanawe, wali unapoa."

Muuza dawa akaleta sahani, wakili akatandika mkeka, wakala wa tiketi akaja na jagi la maji. Daktari akasimama mlangoni, mkoba kwapani. Akatazama barabara, akatazama sufuria.

"Kaka, unatuzibia mwanga," akasema msichana wa kuku, akajisogeza kumpa nafasi.

Akavua viatu. Wakakaa wote, wakaanza kula.