Kila Mtu na Kitanda Chake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Makazi; Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti; Mheshimiwa Kaimu Makamu Mwenyekiti, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma gari lake; waheshimiwa wajumbe na wawakilishi wa wajumbe; mabwana wenye nyumba; akina mama wauza chai; wachukuzi wa soko kuu, walinzi, wafagiaji, na ninyi nyote mliotoroka kazini kuja kunisikiliza mimi, Mkurugenzi wa Makazi na Mahusiano ya Jamii Mijini: itifaki imezingatiwa, na niliyemsahau ajihesabu ametajwa. (Makofi. Dereva wa Kaimu Makamu anainuka na kupunga mkono.)

Ndugu wananchi, jiji ni somo, nami nimelisoma. Nimehudhuria semina, warsha na kongamano la sosholojia katika hoteli yenye lifti, na huko nikagundua kwamba tatizo kubwa la jiji ni watu kukaa ndani yake. (Makofi ya wajumbe.) Kwa mujibu wa upembuzi yakinifu uliofanywa na ofisi yangu kwa mbinu shirikishi, yaani dereva wangu alipita polepole nyuma ya soko nami nikateremsha kioo, imebainika kwamba huko kitanda kimoja kina wenyewe wawili: mchukuzi hulala usiku, na mlinzi akirudi asubuhi humtoa mwenzake na kujilaza palepale, kiasi kwamba godoro la mjini halipati nafasi ya kupoa. Wataalamu huita hali hiyo matumizi endelevu ya rasilimali, lakini mimi kwa huruma niliyozaliwa nayo nikasema hapana, hawa nao ni watu, angalau kitakwimu.

(Kicheko. Mlinzi mmoja: "Hata ndoto tunarithishana, mkuu. Jana nimeota nimebeba magunia.")

Asante, hiyo itaingia kwenye tathmini.

(Mchukuzi mwenye godoro jipya kichwani anasogea mbele: "Mzee, samahani. Mke wangu anaingia leo, anahamia moja kwa moja. Usiku hakuna shida. Sasa asubuhi huyu mlinzi mwenzangu akirudi kulala, mke wangu aende wapi? Uliahidi leo tunapewa vyumba, ndiyo maana nikamwita." Mlinzi: "Na mimi naona haya, mkuu. Nitaanza kupiga hodi kwangu mwenyewe.")

Swali zuri sana, ndugu mchukuzi, na hilo ndilo lililoninyima usingizi katika vitanda vyangu vyote. Mke wa mtu hawezi kutolewa kitandani alfajiri kama abiria aliyefika kituo cha mwisho. Ndiyo sababu nikaunda kamati, na kamati ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikaenda kujifunza ng'ambo namna wenzetu wanavyolala, wakarudi wamenenepa, na leo, kwa mkakati mtambuka wenye dira na mwelekeo, nasimama mbele ya Bweni la Wafanyakazi wa Zamu, kila mtu na kitanda chake. (Makofi makubwa. Mchukuzi analishusha godoro.)

Hebu utazameni nyuma yangu ukuta huo mweupe, dirisha lenye fremu ya buluu, na mlango wa mbao ngumu wenye kitasa kinachong'aa. Sipendi kujisifu, kwa hiyo nitasema kwa ufupi tu kwamba sijawahi kuona kazi kama yangu. Hewa inapita humo bila kizuizi. Mwanga wa jua unafika kila pembe. Hakuna foleni chooni, hakuna jirani mwenye kelele, na sauti ya paa kuvuja hamtaisikia kamwe. (Fundi mwashi anainamisha kichwa, mabega yanamtikisika.) Sasa nakata utepe na kufungua mlango.

(Mlango unafunguka. Upande wa pili kuna uwanja mtupu na nguo zilizoanikwa, na mwanamke mwenye begi kichwani. "Shikamoo, kaka. Samahani. Stendi wameniambia wachukuzi wote wako kwenye bweni jipya. Nimelizunguka kote, sioni pa kuingilia.")

Waandishi wa habari, pigeni picha: mkazi wa kwanza huyo, anatoka bwenini akiwa na afya njema.

(Mwanamke anamwona mumewe. "Wewe. Si ulinipigia ukasema nafasi ipo?" "Nafasi ipo, mke wangu. Kuta ndizo haba." Umati unaangua kicheko, naye mwenyewe anacheka mpaka begi linamponyoka.)

Utulivu, wananchi. Nikisema makazi, semeni bora. Makazi. ("Yako wapi?") Kila mtu. ("Na ukuta wake.")

(Mlinzi anachukua lile godoro jipya na kulitandika chini ya ukuta, upande wa kivuli. "Shemeji, karibu. Kile chumba chukueni, usiku na mchana. Mimi mchana nitalala hapa." Muuza chai: "Na mvua ikinyesha, baba?" "Nitaingia ndani.")

Kwa kumalizia, natoa shukrani. Namshukuru mwenye kiwanja aliyetuazima mpaka jioni. Namshukuru fundi mwashi, aliyeujenga ukuta mmoja kwa umaridadi wa kuta nne. Na zaidi ya wote nalishukuru bweni lenyewe, ambalo kamati itaamua katika kikao kijacho kama lijengwe au lisijengwe, na ambalo kwa sasa, kama mnavyojionea, limeshajaa. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Mlinzi anakoroma.)