Diski ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Diski ya nje ya familia imeleta maneno. Ina video za marehemu baba mkwe, na Jumamosi ukoo mzima unakuja kuzitazama. Shemeji yangu, tunayemwita Profesa, analalamika: kompyuta yake ni ya mfumo mwingine, inaisoma diski lakini inakataa kuongeza picha zake. Eti apewe yeye airekebishe. Thubutu! Nikasema mbele ya mama mkwe kwamba hiyo kazi ni yangu. Akanitazama kwa heshima. Mara ya kwanza tangu nioe!

Jumanne, 4 Machi
Dawa ni kuifomati diski, yaani kuifuta na kuipanga upya, kwa mtindo unaokubalika na kompyuta zote. Mke wangu kaniuliza kama nimehifadhi nakala. Mimi tena! Nimeunda folda, nikaiita NAKALA, nikanakili humo kila video. Kompyuta ikauliza: fomati ya haraka au kamili? Haraka haraka haina baraka. Nikachagua kamili.

Jumatano, 5 Machi
Diski sasa inafunguka kwenye kila kompyuta. Na kila kompyuta inaionyesha tupu. Folda ya NAKALA niliiweka ndani ya diski ileile! Jamani! Nimekimbilia kwa fundi. Akasema ningefanya ya haraka angeokoa kitu. Hii imefutwa mpaka mizizi. Akauliza nani kafanya. Nikamsingizia Profesa. Aibu juu ya aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekiri. Heri mama mkwe angenitukana. Alifuta macho kwa kiganja, akasema basi, mwanangu, ndiyo imeshatokea. Natamani ardhi ipasuke inimeze. Profesa hata hakucheka. Alinimiminia chai. Hiyo chai imenichoma kuliko matusi.

Jumamosi, 8 Machi
Ukoo umekuja. Nimekaa nyuma ya mlango. Mama mkwe akatoa simu yake kuukuu: mna ujumbe wa sauti wa marehemu, anauliza funguo kaziweka wapi, halafu anamtania mkewe. Ndio pekee uliobaki duniani. Tulicheka, tukalia, mimi kuliko wote. Mama mkwe akasema amenisamehe, ila simu yenyewe imejaa, siku hizi inakwamakwama. Profesa akafungua mdomo. Nimemuwahi! Simu ninayo mfukoni. Kesho naisafisha.