Skafu ya Kulsumbai

Jumatatu, 12 Januari

Kulsumbai amepasuliwa goti leo. Salama. Mimi na binti yangu Shenaz ndio tuliompeleka, maana mwanawe Alireza yuko Calgary na ana kazi nyingi. Siku zote ana kazi nyingi. Muuguzi akanikabidhi mfuko wa vitu vyake: viatu, tasbihi, skafu ya sufu ya kijivu. Skafu hiyo Alireza alimnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Kulsum huivaa hata Mei, baridi ikiwa imekwisha. Huku amelewa dawa, akaniambia niitundike tu nyumbani, nisiifue.

Nisiifue. Tunajuana tangu Tanga, tangu tukiwa na meno ya maziwa, na haniamini na kipande cha nguo.

Jumanne, 13 Januari

Nimeichunguza dirishani. Ina doa la chai. Nikakumbuka mwaka jana kule kituo cha jumuiya yetu, mtaa wa Bathurst, mbele ya akina mama wote, aliposema sweta yangu ina vifundo kwa sababu sijui kutunza sufu. Kama vile yeye amelelewa na kondoo. Tanga nani alikuwa na sufu?

Mpango: nimrudishie ikiwa safi kuliko siku aliyoipata, anyamaze. Shenaz yuko kazini. Mashine ya kufulia iko tupu. Maji ya moto, kwa ajili ya doa.

Baadaye. Iliingia ndefu kunizidi mimi. Imetoka kama kitambaa cha kufutia vyombo. Ngumu, ukiishika ncha moja inasimama yenyewe. Doa limetoka.

Jumatano, 14 Januari

Shenaz alicheka, kisha akaacha kucheka. Ameniambia sufu ikipata joto na kusukwasukwa, nyuzi hushikana na haziachiani tena. Kuna mtu kwenye simu yake anashauri kuiloweka kwenye maji baridi yenye kondishena ya nywele, halafu kuivuta polepole. Nimetumia chupa nzima, ya Shenaz. Ncha moja nimeibana kwenye mlango wa kabati, nyingine nimeivuta mpaka bega likalia. Kisha nimeilaza juu ya taulo, pini pande zote.

Imeongezeka kiganja kimoja. Upana umepungua. Inanukia nazi.

Nimekaa nayo mapajani nikajiuliza nilikuwa nataka nini hasa. Doa lilikuwa dogo, mwenyewe hata hakuliona. Nilitaka aseme mara moja tu, mbele za watu, kwamba Khatija anajua.

Ijumaa, 16 Januari

Kulsum yuko kwake, anatembea kwa fremu ya kujishikilia. Njiani nilipanga la kusema: baridi ya mwaka huu ni kali, inasinyaza sufu. Nililisema. Aliishika skafu, akaigeuza, akainusa. 

“Ulitumia maji ya moto,” akasema.

“Ya vuguvugu.”

“Ya moto, Khatija.”

Nikakubali. Nilingoja anitukane, nilikuwa na majibu tayari. Badala yake akaanza kulia, na haikuwa kwa ajili ya skafu. Alireza hajapiga simu tangu asubuhi ya upasuaji. Ametuma ujumbe mmoja, wenye picha ya maua. Kulsum anaogopa ngazi, anaogopa bafu, anaogopa kuanguka na kukutwa siku ya tatu. Majibu yangu yote yakayeyuka. Nikampigia Shenaz aniletee nguo zangu. Nitakaa hapa.

Jumapili, 18 Januari

Kulsum amenifundisha, ameketi kwenye kiti na fimbo kama mwalimu mkuu. Maji baridi. Sabuni kidogo. Usikamue, usisugue, viringisha ndani ya taulo ukandamize. Anika ikiwa imelala, mbali na moto. Nimeitikia kila neno. Ana raha sana mtu huyu anapofundisha.

Alipolala mchana nilimwandikia Alireza kwamba skafu ya mama yake imeharibika. Nani kaiharibu sikutaja. Akajibu kwamba atatuma mpya kwa posta. Nikamwambia asitume, alete mwenyewe.

Jumanne, 20 Januari

Alireza amepiga. Wameongea saa nzima. Kulsum alicheka mara mbili, nilihesabu nikiwa jikoni. Atakuja Machi, wiki nzima. Kuhusu skafu, Kulsum alimwambia iko salama, na ilikuwa shingoni mwake, imezunguka mara moja kwa shida, imebanwa kwa pini. Hakunitazama. Nami sikumtazama.

Jumatano, 21 Januari

Nina ujuzi sasa. Leo asubuhi nimefua glavu zake za sufu, nyekundu zile, bila kuambiwa. Maji baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Sikukamua. Nilikandamiza kwa taulo. Kila kitu sawasawa, hata yeye angenisifu.

Ila saa tisa Shenaz anampeleka kwenye mazoezi ya goti, na sasa ni saa nane kasorobo, na glavu bado mbichi. Zikianikwa zimelala zitakauka kesho. Nimefikiri kwa makini. Maji ndiyo yalikuwa kosa langu, oveni haina maji. Nimezitia, moto wa chini kabisa, dakika kumi.

Kulsum amelala. Kuna kaharufu kidogo, lakini nadhani ni chapati za jana.