Katazo la Samaki Wanaotaga

Jumatatu, 3 Machi
Katazo limeanza leo. Miezi mitatu hakuna nyavu mtoni, eti samaki wanataga. Wao watage, sisi tule nini? Nchi ya ng'ambo wanafunga Juni. Mto mmoja, samaki wale wale, wakipita katikati wanageuka halali. Mke wangu kasema nitulie nishone nyavu kama wanaume wenzangu. Mwenye akili hakai kushona.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata njia. Dada yangu kaolewa ng'ambo, na mumewe ana mtumbwi uliooza lakini namba yake ya usajili bado hai. Nimemwomba shemeji namba. Kasema nichukue, ila nikikamatwa yeye hanijui. Mtu wa maneno machache, nampenda.
Kikwazo ni kaka. Mtumbwi ni wetu sote wawili, baba alituachia, na kaka anavushia mahindi yake sokoni. Sijamwambia.

Jumatano, 5 Machi
Nimepaka mstari wa buluu ubavuni mwa mtumbwi wetu, kama mitumbwi ya ng'ambo, na namba ya shemeji juu yake. Kaka akauliza rangi ya nini. Nikasema ya kuzuia kuoza. Akanishukuru. Roho iliniuma kidogo.
Asubuhi Bwana Samaki, ofisa wa uvuvi, alituita kutusomea tangazo la serikali. Nilisikiliza ukurasa wa kwanza nikatoka, rangi ilikuwa haijakauka. Jirani yetu Fundi Nyavu alibaki hadi mwisho akiandika kila neno. Mnafiki yule, anatafuta uenyekiti wa wavuvi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekamatwa.
Boti ya doria ilitokea ng'ambo, nikaipungia mkono kama mwenzao. Ndani alikaa askari wao, na pembeni yake Bwana Samaki wetu, bega kwa bega. Kumbe ukurasa wa pili ulisema nchi zote mbili sasa zinafunga Machi, na doria ni moja. Nimevunja sheria za mataifa mawili kwa samaki watano.
Wakauliza namba ni ya nani. Nikamtaja shemeji. Shemeji hanijui.
Bwana Samaki akampasua samaki mmoja tumbo. Mayai matupu. Akanionyesha. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi
Mtumbwi umetaifishwa. Kaka alikuja, hakupandisha sauti. Kasema baba aliuchonga mwaka aliozaliwa yeye, na sasa mahindi atayabeba kichwani hadi darajani, nusu siku kwa miguu. Kisha kasema undugu wetu umeishia hapo. Nilitaka kumwomba radhi. Nikajikuta namwambia na yeye angehudhuria mkutano. Huyu ndiye aliyenilea baba alipokufa. Najichukia.
Mke hanisemeshi. Fundi Nyavu kapita dirishani mara tatu akipiga mluzi.

Jumapili, 9 Machi
Nimejishusha, nikaenda kwa Fundi Nyavu kuazima nakala yake ya tangazo. Nimelisoma lote, mpaka sahihi. Mke kaniona nasoma, akanipa chai kwa mara ya kwanza tangu juzi. Kasema labda nimekua.
Ni kweli nimeelewa. Limekataza kuvua kwa mtumbwi, kwa boti, kwa ngalawa. Mlango haukutajwa popote. Wa chumbani kwetu ni mbao nzito, nimeukagua, utaelea. Nataka samaki mmoja tu mkubwa wa kumpelekea kaka, hawezi kunikatalia.
Mke yuko sokoni. Bawaba mbili zimeshatoka.