Uzinduzi wa Maabara ya Homa ya Panya, Kpetewahun: Hotuba ya Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Chifu Mkuu, wazee wa koo, mabibi wakuu wa chama cha wanawake, imamu, mchungaji, Muuguzi Baindu ambaye namwona ameinamia mgonjwa wakati kiongozi anazungumza, na ninyi wananchi: njugu za kola mlizonikaribisha nazo nimezipokea, na kwa unyenyekevu ulionipa umaarufu, nawapongeza kwa kunipata. (Makofi, mistari miwili ya mbele.)

Muuguzi huyu aliniandikia barua tatu akidai kwamba homa ya panya haiwashiki wanaume na wanawake sawasawa: eti miili ya wanawake huvipiga virusi kwa nguvu, ikachemka, mgonjwa akalazwa na kupona, ilhali wanaume wengi hupata joto dogo, wakarudishwa nyumbani kama wazima, wakafia huko, kama marehemu Kpana Vandi, mume wa Mama Yatta. Akaomba maabara ya kupima damu, ili kipimajoto kisiamue peke yake.

Hatukulala. Kwa mchakato shirikishi wa wadau wote, ofisi yangu ilichambua wagonjwa mia mbili na kumi, kila mmoja akiandikwa kwa jina la mwanamume mkuu wa kaya kama heshima yetu inavyotaka, na takwimu zikathibitisha kwamba tofauti hakuna, kwa sababu wote mia mbili na kumi ni wanaume, kumi na mmoja kati yao wakiwa wajawazito. (Kicheko. Chifu anainua mkono; kicheko kinapungua, hakiishi.)

Naona Mama Yatta amesimama. Sema, mama, kwa kifupi.

("Nililazwa kwa jina la mume wangu, baba. Nikapona, kwa hiyo kwenye karatasi zako amepona yeye. Mimi nimemzika. Sasa huyu hapa kitandani ni kaka yangu, ana joto dogo lilelile. Damu yake utaipima leo, au hutaipima?")

Swali zuri sana, na litaundiwa kamati.

Semeni nami: Maabara ni uhai! Kpetewahun mbele! (Mgonjwa anakohoa.)

Namalizia kwa kumshukuru fundi aliyechora kibao cha maabara, Muuguzi Baindu aliyetuazima shuka la wodi kufunika jiwe la msingi litakapopatikana, na zaidi ya wote kaka yake Mama Yatta, ambaye naomba asitikisike hata kidogo, maana utepe ninaoukata sasa, kwa kukosa ukuta, tumeufunga kwenye kitanda chake.