Usimtaje Karabiber

Jumatatu, 4 Machi

Farasi wangu wa jana, ambaye niliwaahidi watu kwamba atashinda, kashika nafasi ya pili. Kutoka nyuma. Si kosa langu. Jua lilimpiga usoni, na mpandaji wake nilimwona kwa macho yangu akipiga chafya kwenye kona. Uchambuzi ulikuwa sahihi. Farasi ndiye aliyekosea.

Hata hivyo heshima yangu hapa Adana iko palepale. Leo nimeingia mkahawani kwa Hidir, na kabla sijakaa wazee wote wakaniuliza mbio za Jumatano namtaka nani. Huanza na mimi kila siku. Mimi kwanza, halafu ndipo wamgeukie Rustem, yule kinyozi mstaafu anayedai kusoma mbio kwenye masikio ya farasi. Masikio! Mimi nasoma uzito, umbali, hali ya mchanga, ukoo wa farasi mpaka kwa bibi yake. Nikitaja jina, penseli zote zinakwenda kwenye magazeti. Rustem hujifanya anacheka. Wivu tu.

Jioni nimekutana kwenye ngazi na Bi Perihan, jirani yangu wa juu. Mjane. Majani ya mzabibu aliyoyakunja yeye na kuyajaza wali, ukila unasahau madeni. Kila Jumanne hunishushia sahani kwa kikapu cha kamba kutoka roshani kwake. Ameniambia Karabiber wake anakimbia Jumapili. Ni jike jeusi, jeusi la pilipili manga, na ndiyo maana ya jina lake. Aliachiwa na marehemu mumewe. Asiposhinda safari hii anauzwa kwa bwana mmoja wa Ceyhan mwenye kigari cha kubebea maharusi, maana kumlisha kumemshinda. Machozi yalimlengalenga, nami roho ikaniuma. Kisha akanishika mkono akaniomba jambo moja tu: nisimtaje Karabiber kwa mtu yeyote.

Nimemwelewa mara moja. Anataka iwe siri, watu wasimshtukie farasi kabla ya wakati. Mwanamke ana akili!

Jumanne, 5 Machi

Alfajiri nimekwenda kuchungulia mazoezi kwenye uzio wa uwanja. Nimemwona Karabiber. Jamani! Anakanyaga mchanga kama hataki kuuamsha. Nimerudi nyumbani nikapekua mbio zake zote zilizopita. Umbali unamfaa. Uzito aliopangiwa ni mwepesi. Hana pa kushindwa.

Siri nimeitunza vizuri sana. Nimeitunza mpaka saa nne.

Kosa ni la Rustem. Alisema mbele ya watu kwamba Jumapili ni ya Demirhan, dume la tajiri mmoja wa pamba, kwa kuwa masikio yake yamesimama vizuri. Nani angevumilia? Nilipanda juu ya kiti nikatangaza kwamba banko wangu ni Karabiber. Banko! Farasi unayesimama naye peke yake, bila wa akiba.

Hidir alimwaga chai kwenye suruali ya mteja, na mteja hakulalamika. Penseli zote zikapita kwenye magazeti, mara moja tu, shwaa. Mzee mmoja akasema maskini yule mama. Sikumwelewa, lakini nilitikisa kichwa kwa hekima.

Jioni kikapu kimepita dirishani kwangu bila kusimama. Kimekwenda kwa fundi viatu wa chini. Fundi viatu! Labda kamba imeongezeka urefu.

Jumatano, 6 Machi

Bi Perihan kanipita kwenye ngazi bila salamu. Nimemsalimu mara mbili. Ya pili alijibu kwa kikohozi.

Nimekwenda mkahawani kuuliza kuna nini. Wote wakatazama vigae vyao vya kuchezea. Rustem ndiye aliyenivuta pembeni, tena kwa upole, jambo ambalo lilinitisha.

"Muzaffer, ndugu yangu, kwani hujui?"

"Nijue nini?"

"Wewe ni kisirani. Tunakuuliza wewe kwanza ili tujue farasi wa kumfuta."

Kumbe penseli zile hazikuwa zinaandika. Zilikuwa zinakata! Rustem kasema majira mawili ya baridi yamepita na hakuna hata farasi mmoja niliyemtaja aliyeshinda. Kanikumbusha yule aliyekuwa mbele peke yake, hatua chache afike, akasimama kunusa maua ya uzio. Nilikuwa nimemsahau yule.

Nimeumia. Naandika wazi, nimeumia. Nilidhani ni heshima.

Baadaye nikajiambia huu ni ushirikina, mimi ni mtu niliyefanya kazi idara ya maji. Nikajaribu kisayansi. Kabla ya mbio za leo mchana nilimtaja kwa kunong'ona farasi anayepewa nafasi kubwa kuliko wote, jina lake nililisema ndani ya glasi ya shalgamu, kile kinywaji chetu chekundu cha chumvi, asisikie mtu. Lango likafunguka, farasi akatoka. Mpandaji akabaki langoni.

Bahati mbaya ya kawaida. Lakini jioni nimemsikia Bi Perihan akilia huko juu, na dari hii ni nyembamba. Nikashindwa kula.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepanda juu kuomba radhi. Bi Perihan hakunifukuza. Alikuwa na wifi yake, Bi Makbule, mtaalamu wa kuondoa kijicho. Wakanikalisha kwenye kigoda, wakanifunika shuka, wakayeyusha madini ya risasi kwenye kikaango na kuimwaga ndani ya beseni la maji juu ya kichwa changu. Mlio wake nitausikia mpaka kaburini.

Risasi ikaganda umbo. Mimi niliona wazi farasi anayeshinda. Bi Makbule akaigeuza huku na huku akasema ni ulimi.

Hukumu yake: nilitengue neno langu, nimtaje farasi mwingine. Nikasema rahisi, kesho nitamtaja Demirhan. Akanikatiza. "Si kwa mdomo tu, mwanangu. Kisirani chako kinasikiliza moyo. Umpende kweli huyo Demirhan."

Nimpende farasi wa Rustem! Bora waniyeyushie risasi nyingine. Lakini Bi Perihan ananitazama, na Karabiber akivalishwa maua ya plastiki kwenye harusi za Ceyhan, nitawezaje kupanda ngazi hizi tena?

Nimekubali.

Ijumaa, 8 Machi

Kumpenda kwa kulazimishwa ni kutwanga maji kwenye kinu. Nimebandika picha ya Demirhan juu ya kitanda. Ana uso wa karani wa benki. Nimetangaza mkahawani kwamba banko wangu ni yeye. Rustem aliniangalia machoni muda mrefu, kama daktari, akawaambia wenzake bado, huyu anadanganya.

Basi nikarudi kwenye uchambuzi. Nikasoma rekodi yake mchana kutwa mpaka usiku. Na hapa lazima niseme: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yule farasi hajawahi kushindwa kwenye mchanga mzito. Mama yake alishinda Bursa. Na utabiri wa hali ya hewa unasema mvua! Nilipofika ukurasa wa tatu moyo ulianza kunidunda.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua! Demirhan oyee!

Nimemweleza Bi Perihan kwa uaminifu kwamba jike lake halina lolote. Miguu mifupi, pumzi haba, umri umekwenda. Ameniletea sahani ya majani ya mzabibu. Nikaongeza kwamba kwenye tope atazama kama tofali. Akaleta mtindi. Niliposema afadhali angemfungia mkokoteni tangu mwaka jana, macho yakamjaa tena, lakini kicheko kilimtoka, akanibusu kwenye paji la uso.

Mkahawani chai ni bure kwangu. Kila nikimsifu Demirhan wazee wanapiga meza. Hata Rustem kanipa mkono na kuniambia sasa ananiamini. Yeye mwenyewe kamkata Demirhan, masikio yaseme yasiseme.

Najua mpango ni upi. Lakini ukweli ni ukweli: kesho Demirhan anashinda. Uchambuzi hausemi uongo. Namhurumia Bi Perihan, sijui jinsi ya kumwambia.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulisimama kwenye uzio, Bi Perihan kushoto kwangu na ushanga wa bluu wa kuzuia kijicho mkononi, Rustem kulia, mkahawa mzima nyuma yetu. Mchanga mzito kama unga wa kukanda. Lango likafunguka, Demirhan akachukua uongozi kama nilivyosema! Nikapiga kelele, "Twende, mwanangu, twende!" Bi Perihan alinifinya mkono akanisihi niendelee, nisipunguze. Nilikuwa sipunguzi. Nilikuwa nampenda.

Kona ya mwisho, urefu wa farasi watatu mbele. Nikaruka. Nikamwambia Rustem imekwisha. Na palepale Demirhan akaona dimbwi lililokuwa linameta, akaanza kujitazama. Karani wa benki anajitazama! Karabiber akatokea upande wa nje, mweusi, tope mpaka shingoni, kichwa chini, akampita mstarini kwa pua.

Uwanja ukalipuka. Bi Perihan alikaa chini kwenye tope akalia kwa sauti, safari hii kwa furaha, akisema, "Hauzwi. Hauzwi tena." Zawadi inatosha kumlisha mpaka vuli. Wazee wakanibeba juu juu. Mimi! Nikiwa huko juu, kwa dakika moja nilimsikitikia Demirhan. Kisha nikamwona yule mama anavyomkumbatia farasi wake miguu, na mimi nikalia kama mtoto. Sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko hii.

Bwana wa Ceyhan kaondoka na kigari chake kitupu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Nani alikuwa wa kwanza katika Adana yote kumtaja Karabiber? Mimi. Jumanne, juu ya kiti, mbele ya mashahidi. Nani kashinda? Karabiber. Kwa hiyo nilipatia. Hayo ya Ijumaa na Jumamosi yalikuwa mbinu tu, na mbinu haihesabiwi. Kisirani gani? Majira mawili ya ukame yamekwisha, na yamemalizwa na uchambuzi.

Bi Perihan kaniambia asubuhi kwamba wiki ijayo Karabiber anaingia mbio kubwa, kwenye nyasi, akanisihi kwa jina la Mungu nianze leo kumpenda farasi mwingine. Unyenyekevu wake unanigusa. Lakini mtaalamu hawezi kuficha ukweli ili mtu asione haya.

Saa nne nimepanda juu ya kiti kwa Hidir. Nimesema kwa moyo wangu wote, bila chembe ya shaka: banko wa wiki ijayo ni Karabiber. Na wa wiki inayofuata. Na wa majira yote.

Furaha iliwazidi. Rustem alikamata kichwa kwa mikono miwili. Hidir akakimbilia simu.

Sasa nipo nyumbani. Nasikia viatu vya Bi Perihan kwenye ngazi, anashuka mbio, na Bi Makbule nyuma yake, wamebeba kitu kizito cha chuma, kinalia kama kile kikaango cha risasi. Wanakuja kunishukuru. Ngoja nivae shati safi.